Ramadhani ya Watoto Wasiolala

Alhamisi, 12 Oktoba 1972

Shingo imekakamaa. Nimelala nimekaa, Shabani kifuani. Nikimlaza kitandani analia, nikimpakata anatulia. Basi nimempakata mpaka adhana.

Daku nimekula kwa mkono mmoja. Wali wa kiporo na samaki. Halafu kazini. Kukagua matairi, kutia maji kwenye rejeta, kwenda Fukayosi kupakia korosho za ushirika, kurudi Bagamoyo. Pazi, utingo wangu, ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni saumu. Si saumu. Nafunga tangu mdogo, haijapata kunilegeza hivi. Ni watoto.

Mwajuma yuko hospitali Dar tangu mwezi uliopita. Kati ya Rehema na Shabani mimba moja iliharibika, kwa hiyo safari hii daktari hataki kubahatisha. Kamwambia alale huko huko mpaka ajifungue. Rehema ana miaka minne. Shabani hajatimiza mitatu. Mama yangu ametoka kwake Fukayosi kuja kunisaidia. Mtu mzima, anafunga, na magoti yanamuuma.

Kabla ya mwezi kuandama watoto walikuwa wakilala mara tu baada ya magharibi, kama kuku. Sasa nyumba nzima imegeuka na wao wamegeuka nayo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niandike inavyokwenda, labda nitaona pa kuanzia.

Alfajiri watu wazima wanarudi kulala. Mji mzima unalala. Mama analala na watoto ubavuni, mmoja huku mmoja huku. Mimi natoka kwenda kazini. Nikirudi adhuhuri au alasiri nawakuta bado wamelala, mdomo wazi, jasho. Magharibi wanaamka wabichi kabisa. Futari: uji, muhogo wa nazi, tambi. Watoto wanakula kuliko tuliofunga. Wakubwa wanakwenda tarawehe, watoto wa mtaa wanajaa uchochoroni, Rehema yumo. Kuwaingiza ndani ni vita. Wakishalala hivi hivi, inapita ngoma ya daku. Mbwana kinyozi na wenzake, ngoma mbili na debe, chini ya dirisha letu. Shabani anaruka. Hapo ndipo anapomlilia mama yake, na hanyamazi mpaka kunakucha. Kukikucha analala.

Mimi ndiyo naondoka.

Jumatatu, 16 Oktoba

Jana usiku nilijaribu kuwalaza mapema kwa nguvu. Nikafunga mlango, nikapunguza kandili, nikalala katikati yao. Rehema alihesabu boriti za dari kwa sauti. Akimaliza anaanza upya, na kila akianza anakosea palepale. Shabani alinipanda tumboni. Nikawakemea. Wakalia wote wawili. Mama akaja, akawachukua, akawatoa nje kwenye baraza. Sikumzuia.

Nimechoka mpaka nina hasira na kila kitu. Leo nimeikasirikia gea.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimepata ajali ya lori.

Halikupinduka, alhamdulillahi. Tulikuwa tunapeleka mzigo Dar, tumepita Mapinga, barabara nyeupe kwa vumbi, jua la saa nne. Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka kufumbua. Mbele yangu ilikuwa mihogo. Majani ya mihogo yanapiga kioo. Nilikanyaga breki, lori likazama gurudumu la kushoto kwenye mtaro wa shamba na kusimama limeinama.

Pazi aligonga mdomo kwenye dashibodi. Alitema jino mkononi, akalitazama. Damu imemjaa kidevuni.

"Ulilala, Hamisi?"

"Nililala."

Akalifunga jino kwenye leso. Saumu yake ndiyo imekwisha hivyo, kwa damu na maji ya kusukutua.

Mwenye shamba alikuja na mkewe. Hawakugomba. Walileta majembe, wakatusaidia kuchimba. Jambo hilo limeniuma kuliko kama wangegomba.

Jioni msimamizi wetu wa ushirika alitaka kujua. Pazi alikuwa ameshafungua mdomo wake uliovimba, najua alitaka kusema ng'ombe alikatiza. Nikamwahi. Nimesema nilisinzia. Msimamizi akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, kama anayedai kitu.

"Safari nyingine utaniwekea funguo hapa, na utafute kazi ya miguu."

Nimefika nyumbani watoto wamelala. Ilikuwa kabla ya magharibi. Nimewatazama. Nilitaka kuwaamsha kwa kuwatikisa. Nikaenda kutawadha.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimekwenda kwa Mbwana kinyozi. Nimemkuta ananyoa. Ni kijana mwema, hupiga ngoma ya daku tangu baba yake alipoacha. Nimemweleza yote: watoto, lori, jino la Pazi. Nimemwomba asipige kwetu.

"Kaka Hamisi, ngoma ya daku nisipoipiga mitaani nikaipigie wapi? Baharini?"

Nikamwambia anyamaze tu kuanzia kona ya kisima hadi mwisho wa uchochoro wetu. Nyumba chache. Apite kimya, aendelee mbele. Aliupangusa wembe wake. Kisha akakubali. Nadhani ni uso wangu. Nimejiona kwenye kioo chake. Naogopesha.

Alhamisi, 19 Oktoba

Shabani amelala usiku kucha. Mimi pia. Nimeamshwa na adhana ya alfajiri.

Adhana. Si daku. Daku imenipita. Imempita Mama. Imeupita uchochoro mzima.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri hata kidogo kwamba ngoma ile ile inayomwamsha mwanangu ndiyo inayowaamsha wenzangu.

Mzee Omari, fundi cherehani, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja, alikuwa wa kwanza barazani. Kofia mkononi, kichwa wazi. Sijapata kumwona hivyo.

"Hamisi, umetufungisha na njaa. Mkwe wangu ananyonyesha, hajala tangu futari. Ulikwenda kwa kinyozi kwa idhini ya nani?"

Nimemwamkia, shikamoo Mzee. Hakuitika. Nyuma yake wamekuja wengine. Wanawake wamesema wakiwa milangoni mwao, kwa sauti ya kutosha kusikika. Kuna aliyesema dereva anataka mtaa mzima ulale ili yeye alale. Ni kweli, lakini si hivyo.

Mama hakunilaumu. Amefunga bila daku, akafagia ua kimyakimya.

Baada ya alasiri tumekaa barazani kwa Mzee Omari. Nimewaomba radhi. Nimewaeleza kuhusu lori. Hapo walitulia kidogo. Mzee Omari kauliza Pazi ni nani na jino gani. Halafu kasema: ama ngoma irudi leo, ama mimi mwenyewe niwaamshe, mlango kwa mlango, kila siku hadi mwezi uishe, na nikiwakosesha tena tusiamkiane.

Nimechagua milango.

Ijumaa, 20 Oktoba

Ngoma ya mtaa wa pili inasikika kwa mbali, kama mapigo ya moyo yanayosikika kupitia mto wa kulalia. Inatosha kuniamsha mimi. Watoto haiwaamshi.

Nimezunguka pekupeku. Nagonga kwa kifundo cha kidole, nasema daku, nangoja niitikiwe. Mkwe wa Mzee Omari aliitika kwa kukohoa. Nyumba ya mwisho iligoma kuamka, nikasimama pale nikigonga mpaka vidole vikauma. Nimerudi kula, chakula kimepoa.

Kazi imeongezeka, usingizi haujaongezeka. Lakini Shabani halii. Kitu kimoja kimepatikana.

Leo njiani Pazi kanisimulia hadithi za Fukayosi toka tunaondoka mpaka tunafika, ili nisisinzie. Anasema maneno yanamponyoka pengoni. Alicheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimegombana na Mama.

Ngoma haipo tena, na bado Rehema analala usiku wa manane. Bila shaka, kwa kuwa ameshinda akilala. Leo nimerudi mapema, mzigo ulikuwa mdogo. Jua la utosi. Madirisha yamefungwa, chumba giza, Mama amejilaza, watoto wamelala fofofo. Nimefungua dirisha kwa kishindo.

Nimesema mambo. Nimesema ndiye anayeniharibia watoto. Nimesema nikifa barabarani atajua sababu. Niliyasikia yakitoka na sikuyazuia.

Mama aliketi kitandani akajifunga kanga vizuri. Hakupaza sauti.

"Wakiwa macho, Hamisi, wananiuliza mama yao analala wapi. Kutwa. Rehema ananishika kidevu, ananigeuza uso nimtazame, ananiuliza. Mimi hiyo hospitali sijaiona. Nitamjibu nini? Wakilala hawaulizi. Ndiyo nawalaza."

Kisha kasema yeye mwenyewe hajalala sawasawa tangu aje. Akifumba macho anamwona Mwajuma. Alikuwepo siku ile mimba ilipoharibika, peke yake naye, mimi nikiwa safarini.

Sikulijua hilo. Yaani nilijua kwamba alikuwepo. Sikujua kwamba bado yumo ndani ya siku ile.

Nimetoka nikakaa uani kwenye kinu kilicholala. Nimeona haya. Jioni nimempelekea maji ya kutawadha mwenyewe. Kayapokea.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimewachukua watoto Dar.

Nilimwomba msimamizi jana. Nilidhani atanifukuza. Kauliza nani atamshika mdogo nikiendesha. Pazi kasema mimi. Basi tumekwenda, Rehema katikati, Shabani mapajani kwa Pazi akimtia kidole pengoni njia nzima. Mama hakuja, nafasi haikuwepo, lakini kampelekea Mwajuma mafuta ya nazi na maneno mengi.

Wodini watoto hawaruhusiwi. Nesi mmoja alituhurumia. Kamtoa Mwajuma kwenye veranda, kamkalisha kwenye kiti, sisi tukasimama nje ya ukuta mfupi. Amenenepa uso. Miguu imevimba. Amecheka alipotuona, halafu akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Shabani alijificha shingoni kwa Pazi. Amemsahau au amemkasirikia, sijui. Mwajuma aliliona. Baadaye mtoto mwenyewe akanyoosha mkono.

Rehema hakulia.

"Mama, unalala humu?"

"Nalala humu, mwanangu."

"Wapi?"

Mwajuma kamwonyesha kwa kidole dirisha lake, la pili kutoka mlangoni. Rehema kauzunguka ukuta mpaka chini ya dirisha hilo, nikamfuata. Kasimama kwa ncha za vidole. Nikamwinua. Kaona kitanda, shuka nyeupe, bilauri ya maji. Kaviangalia vyote, bila haraka. Kisha akasema nimshushe.

Kurudi alilala tangu Tegeta. Nikamwacha, ilikuwa jioni tayari. Nilipomwingiza ndani alifumbua macho, akamwambia bibi yake, "Kitanda cha mama kiko dirishani." Akalala tena.

Mama aligeukia ukutani. Nimemwacha.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mama kaja na mpango wake. Anasema mtoto hageuzwi kwa siku moja. Unamvuta kidogokidogo hata yeye asijue.

Jana aliwaamsha baada ya muuza maji kupita. Leo kabla hajapita. Akiwaamsha anawatoa uani juani hapo hapo, anawaogesha kwenye karai, wanapiga kelele. Dirisha wazi kutwa. Rehema anapewa kazi: kuchagua mchele, kufukuza kuku kwenye nazi zilizoanikwa. Akiuliza habari za mama yake, Mama anamjibu. Yuko kwenye kitanda cha dirishani. Rehema anaridhika, anaendelea na kuku.

Jioni wanakula wao kwanza, kabla yetu, wakiwa wameketi uani peke yao. Futari isiwe sherehe kwao. Sisi tunafuturu wao wakiwa wameshanawa. Kisha ndani, kandili inatolewa nje, kanga nzito dirishani.

Nami nimemwambia Mama kwamba nikirudi alasiri watoto ni wangu, yeye alale. Alikataa. Nikamtandikia mkeka chumbani kwangu. Alikataa tena. Nilipotoka kwenda msikitini na watoto nikarudi, nilimkuta amelala na tasbihi mkononi.

Jumapili, 29 Oktoba

Hatua moja nyuma. Shabani ana mafua, kalala mchana kutwa, kakesha. Nimekesha naye, na milango nimeigonga naye begani. Mzee Omari alitoka mwenyewe badala ya kuitika. Kamtazama mtoto. Kanipokea bila kuniuliza, akambeba mpaka nilipomaliza uchochoro. Nilipomwamkia, aliitika. Marahaba, mwanangu.

Niko hoi. Lakini niliitikiwa.

Jumatano, 1 Novemba

Wamelala baada ya magharibi. Wote wawili. Mama na mimi tulibaki tunatazamana kama watu waliokwiba kitu. Tulikula tambi kimya, tukiogopa hata kugonganisha vijiko.

Jumapili, 5 Novemba

Mwajuma amejifungua. Mvulana. Wote wazima.

Habari imeletwa na dereva mwenzangu aliyetoka Dar, amenikuta chini ya lori nikibadilisha springi. Sikutoka mara moja. Nilibaki pale chini, mgongo kwenye mchanga. Pazi alikuwa ananiita nje, "Hamisi, umesikia? Umesikia?" Nimesikia. Nilikuwa nalia na mafuta machoni.

Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Kisha kalala, tangu alasiri. Futari nimepika mimi. Uji umeungua.

Jumatano, 8 Novemba

Idi mosi. Watoto wamevaa nguo alizowashonea Mzee Omari. Amekataa shukrani. Wamezunguka mtaa mzima, wamekula vileja mpaka Shabani akatapika. Wamechelewa kulala. Nimewaacha. Kazi ya milango imekwisha.

Jumamosi, 11 Novemba

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mwezi ukiisha ni wakubwa wanaopata taabu. Uchochoro mzima unasinzia mchana. Mzee Omari kashona mkono wa kanzu kwenye shingo. Watoto wangu wameamka alfajiri, wachangamfu, wakiniinua kope kwa vidole.

Kesho kutwa Mwajuma anarudi. Dada yake anakuja naye kumtunza hadi arobaini. Naogopa kidogo. Mtoto mchanga hajui saa ya mtu yeyote. Mama anasema huyo tusimfundishe kitu kwa sasa, tumfuate tu.

Jumatano, 15 Novemba

Mwajuma yupo. Nyumba imejaa. Rehema alimshika mkono, akamwonyesha kitanda chake mwenyewe, akamwambia alale hapo. Akalala hapo. Mtoto kalia usiku mara nyingi. Shabani hakuamka. Mimi niliamka mara zote na sikukasirika hata mara moja. Uchovu ni uleule. Sijui umebadilika nini.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimempeleka Mama kwake.

Lori lilikuwa linakwenda Fukayosi kupakia, basi kapanda mbele. Pazi alikwea nyuma kwenye magunia matupu ili amwachie nafasi. Mama alikuwa na kapu lake, na kanga mpya aliyopewa na Mwajuma. Watoto walimuaga mlangoni. Hawakulia sana. Amewaambia wakitaka kujua anakolala waniulize, nitawaleta waone.

Tumetoka mji bado una umande. Alianza kunisimulia habari za shamba, mkorosho uliopasuka, jirani anayemdai kuku. Katikati ya neno akanyamaza. Nilimtazama. Kalala. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya kapu.

Nikapunguza mwendo. Barabara ina mashimo, nikawa nayakwepa moja moja, gurudumu la kushoto kwenye majani, la kulia kwenye majani. Baiskeli ilitupita. Pazi akagonga paa kuuliza kuna nini. Nikamwashiria kwa mkono anyamaze.

Tumefika kwake jua limeshapanda. Nimezima injini mbele ya nyumba. Hakuamka. Pazi kashuka, kachungulia, kanitazama, kisha karudi nyuma kupanga magunia, taratibu.

Korosho zinangoja. Karani wa mizani kaja kutoka ghala la ushirika mpaka nusu ya njia, nikamwinulia kiganja, akarudi.

Nimekaa kwenye usukani, mlango wazi, nikimsikiliza anavyopumua.